Fizi za Redio na Vidole Vyake

Watu wote wa mtaa ule walimwita Redio, na wazazi wake hawakuhusika na jina hilo. Wateja ndio waliompa. Alikuwa kinyozi, na tangu afungue mlango wa chumba chake cha kunyolea asubuhi hadi aufunge jioni, mdomo wake haukupata likizo. Alitangaza mpira, alitangaza ndoa za watu, alitangaza mipango ya serikali ambayo serikali yenyewe ilikuwa haijaisikia. Mteja alikaa kwenye kiti, akafungwa shuka shingoni, na matangazo yakaanza.

Chumba chake cha kazi kilikuwa kidogo lakini safi. Kilikuwa na kiti kimoja cha kuzunguka, kioo kirefu ukutani, benchi la watu wanne, na feni iliyolia kila ilipogeuka kushoto. Mashine zake mbili za kunyolea alizipaka mafuta kila siku. Vitana alivipanga kwa ukubwa. Redio alikuwa na umri wa miaka arobaini na sita, na kwa miaka ishirini hakuwahi kumkata mtu sikio. Hilo nalo alilitangaza.

Nyumbani aliishi na mkewe na mama mkwe wake. Mkewe alifanya kazi ya kuoka mikate, kwa hiyo aliondoka alfajiri. Asubuhi Redio alibaki na mama mkwe, mwanamke mwenye heshima zake, mwenye meno sita na maoni yasiyohesabika.

Mwaka huo, mvua zilipoanza, vidole vya Redio vilianza kuuma. Aliamka asubuhi akakuta vimevimba kwenye vifundo na vimekakamaa kama vimegandishwa. Vya mkono wa kulia viliuma, na vya mkono wa kushoto vikauma vivyo hivyo, kana kwamba vimekubaliana. Aliamka saa kumi na mbili, lakini vidole vyenyewe viliamka saa nne. Kabla ya hapo hakuweza kukunja ngumi wala kufunga kifungo cha shati.

Hiyo ya vifungo ilimpa taabu kubwa. Mkewe alikuwa keshaondoka. Mtu pekee ndani ya nyumba aliyeweza kumfunga vifungo alikuwa mama mkwe. Redio alifikiria jambo hilo kwa muda mfupi sana, kisha akaweka mashati yake yote sandukuni na kuanza kuvaa fulana.

Mama mkwe alimtazama siku tatu tu, akatoa hukumu. Alisema ni baridi yabisi, na kwamba ugonjwa huo hauhitaji kusoma sana kuuelewa, maana jina lake linajieleza. Ni baridi imeingia mwilini, basi kazi ni kuitoa na kuizuia isirudi.

Vita dhidi ya baridi vikaanza siku ileile. Madirisha yakafungwa. Redio akavishwa soksi jozi mbili na glavu za sufu ambazo mama mkwe alizifuma mwenyewe, moja ikiwa kubwa kuliko nyingine. Maji ya baridi yakapigwa marufuku. Kazini feni ilizimwa, na wateja wakatoka wamenyolewa na wamelowa jasho. Redio mwenyewe aliongeza silaha yake. Zamani alivuta sigara tatu kwa siku. Sasa alivuta kumi, kwa hoja kwamba moshi unapasha kifua joto.

Kulikuwa na jambo jingine, ambalo Redio hakulihesabu kuwa ugonjwa. Kwa zaidi ya mwaka fizi zake zilikuwa zikitoka damu kila alipopiga mswaki. Zilikuwa nyekundu, zimevimba, na meno mawili ya chini yalianza kucheza. Mama mkwe alikuwa na jibu la hilo pia. Alisema fizi zikitoka damu maana yake zimechoka, ziachwe zipumzike. Tena mswaki na maji ya baridi kinywani ni kuikaribisha baridi sebuleni. Redio aliheshimu wakwe zake. Akaacha mswaki, akawa anasukutua maji ya uvuguvugu asubuhi na kuhesabu kwamba ameosha kinywa.

Kazi ya kinyozi ni kumwinamia mtu. Redio aliinama na kuongea, na wateja wakaanza kukunja shingo. Wengine walifumba macho. Mmoja alishika pumzi mpaka macho yakamtoka. Redio aliona hayo yote akadhani wanaogopa vidole vyake vilivyovimba, akazidi kuongea ili kuwatuliza. Fundi wa viatu wa jirani alimletea pakiti nzima ya peremende na kumwekea mezani bila kusema neno. Redio alishukuru sana. Jioni alimwambia mkewe kwamba fundi yule ana moyo wa ukarimu, na mkewe akajibu kwamba ni kweli, kisha akageukia ukuta.

*

Jumatatu moja saa mbili asubuhi, mwalimu mkuu wa shule ya mtaa alikuja kunyolewa. Alikuwa mtu wa mstari ulionyooka. Suruali yake ilikuwa na mkunjo wa pasi uliosimama wima, na hata kikohozi chake kilikuwa na nidhamu. Saa tatu alikuwa na mkutano wa wazazi, na ajenda ya kwanza ilikuwa unadhifu wa wanafunzi.

Redio alivua glavu. Vidole vilikuwa bado havijaamka, lakini hakutaka kumrudisha mtu mkubwa kama huyo. Akapiga moyo konde, akaanza upande wa kulia. Aliongea kuliko kawaida, kwa sababu maumivu yalikuwa mengi. Upande wa kulia ulikwisha. Alipofika katikati ya utosi, vidole vikagoma. Havikutetemeka wala havikuonya. Vilifunguka tu, na mashine ikaanguka kwenye shuka, ikilima njia nyembamba kutoka utosini hadi juu ya sikio la kushoto.

Redio alijaribu kuiokota kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kushoto ulikuwa umegoma kabla ya wa kulia.

Mwalimu mkuu alijitazama kwenye kioo. Nusu ya kulia ya kichwa chake iling'aa. Nusu ya kushoto ilikuwa na nywele na barabara moja. Alitazama saa yake, akatoa kofia kwenye mkoba, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akatoka.

Redio alikaa kwenye kiti chake mwenyewe na kutazama mikono yake. Kwa mara ya kwanza aliogopa. Hakujua kazi nyingine. Mtu anayeshika wembe shingoni mwa watu hawezi kuwa na vidole vinavyojifungua vyenyewe, na mtaa mzima ungelijua jambo hilo kabla ya saa sita.

Yaliyofuata Redio aliyasikia baadaye. Mwalimu mkuu aliwahutubia wazazi kuhusu unadhifu na kuvua kofia darasani, naye amevaa kofia dakika tisini. Kisha akaenda kliniki ya meno, kwani alikuwa na miadi ya kuziba jino. Daktari wa meno, mwanamke mwenye sauti ya taratibu, alimwomba avue kofia ili taa imfikie. Mwalimu mkuu alikataa. Daktari aliomba tena. Kofia ikavuliwa, na daktari akalazimika kugeuka na kutafuta kitu kabatini kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mwalimu mkuu alimweleza habari yote, vidole vilivyovimba mikono yote miwili, glavu za sufu, na mashine iliyoanguka. Kisha, kwa kuwa alikuwa na hasira, akaongeza habari ya harufu ya kinywa ambayo ilimtoa machozi. Daktari alikuwa anacheka moyoni mpaka hapo. Aliposikia habari ya kinywa, aliacha kucheka. Akauliza kama vidole vinakakamaa zaidi asubuhi. Akauliza kama kinyozi huyo anavuta sigara. Mwisho akasema, "Mwambie aje kwangu kesho. Asichelewe."

Jioni mwalimu mkuu alirudi kwa Redio. Vidole vilikuwa vimelegea kidogo, kama ilivyokuwa kila jioni, na upande wa kushoto ulinyolewa polepole, kimya kimya. Redio hakuthubutu kutangaza chochote. Alipomaliza, aliomba radhi kwa mara ya nne.

"Kesho saa tatu uende kwa daktari wa meno," mwalimu mkuu alisema.

"Mwalimu, mimi naumwa vidole."

"Najua."

"Vidole viko huku mkononi. Meno yapo huku juu."

"Redio, nimewasikiliza wazazi sitini leo nikiwa na nusu kichwa. Kesho saa tatu."

Aliongea kama anayemtuma mtu ubaoni. Redio akaitika, "Ndiyo, mwalimu," kabla hajajua kwamba ameitika.

*

Nyumbani mama mkwe alisikiliza habari hiyo akiwa ameshika chupa ya maji ya moto. Alikunja uso. Alisema hajaona mtu mwenye maumivu ya goti akapelekwa kuangaliwa pua. Tena daktari wa meno angefungua kinywa cha mkwewe, na baridi yote ya kliniki ingeingia. Redio alikuwa tayari kukubali. Kwa kweli alikuwa anaogopa kiti cha meno kuliko alivyoogopa vidole vyake.

Mkewe alikuwa anakunja aproni yake ya kazini. Aliikunja vizuri, akaiweka, ndipo akasema.

"Mume wangu, utaenda. Kinywa chako kinanuka. Kinanuka sana, na si tangu jana. Nalala nikiangalia ukuta mwaka mzima huu. Nilidhani unajua kwa nini."

Redio alifungua mdomo, akakumbuka alichoambiwa, akaufunga. Alifikiria shingo za wateja. Alifikiria peremende za fundi viatu. Uso ulimshuka. Alikuwa ameongea na mtaa mzima kwa mwaka mzima, na hakuna hata mmoja aliyeweza kumwambia neno hilo isipokuwa huyu. Mkewe aliona alivyoumia, akaja akakaa karibu naye, akamshika mkono uliovimba. Alikaa karibu kwa ujasiri.

Mama mkwe alikwenda kulala mapema na chupa yake.

*

Kesho yake Redio alilazwa kwenye kiti cha meno. Kiti hicho kilifanana kidogo na chake, ila hiki kilimpindua mtu mpaka miguu ikawa juu kuliko mawazo yake. Daktari alivaa barakoa na glavu, akamwinamia, akamwomba afungue kinywa. Kisha, kioo kikiwa upande mmoja na bomba la kunyonya mate upande mwingine, akaanza kumwuliza habari za kazi, za familia na za mpira.

Redio alikuwa na majibu marefu ya maswali yote hayo. Aliweza kutoa "aah" na "ooh" tu. Ndipo alipojua wateja wake wanapitia nini wembe ukiwa kooni.

Daktari alichukua kijiti chembamba cha chuma chenye alama kama za rula, akakipitisha taratibu kati ya jino na fizi, jino moja baada ya jingine. Kila alipopima alitaja namba, naye muuguzi akaandika. Tano. Sita. Sita. Saba. Redio alifurahi moyoni kuona alama zinapanda. Alipopewa nafasi ya kutema, akauliza kama amefaulu.

"Baba, hizi ni milimita," daktari alisema. "Napima shimo kati ya fizi na jino. Kwa mtu mzima mwenye afya ni moja mpaka tatu. Wewe una saba."

Alimpa kioo cha mkononi ajionee. Fizi zilikuwa nyekundu na zimeachia meno. Chini yake ukoga ulikuwa umeganda mpaka ukawa mgumu na mweusi kama kokoto. Daktari alimweleza kwamba ukoga ni utando laini wa vijidudu unaojijenga kwenye meno kila siku. Usipousugua, unageuka jiwe, na vijidudu vinajichimbia chini ya fizi, mahali ambapo kusukutua hakufiki. Fizi inavimba kwa kupigana navyo, ndiyo maana inatoka damu. Damu si ishara ya kuacha mswaki. Ni ishara kwamba mswaki unahitajika, na daktari pia.

"Sawa," Redio alisema. "Lakini vidole?"

Daktari alivuta kigoda, akakaa, akavua barakoa.

"Mwilini una walinzi. Kazi yao ni kupiga wadudu wanaoingia. Sasa, kuna kijidudu kimoja kati ya hivi vya fizi ambacho ni kinyozi. Kinyozi mbaya. Kinazishika protini za mwili wako mwenyewe na kuzinyoa, kuzibadilisha sura. Mlinzi akikutana nazo hawezi kuzitambua tena. Anadhani ni mwizi, anapiga. Kuna vijidudu vingine vya fizi vinavyosababisha fujo kama hiyo kwa njia yao. Kwa baadhi ya watu, walinzi wakishazoea kosa hilo, hawaishii kinywani. Wanazunguka na damu, wanafika kwenye viungo vya vidole, wanapiga huko. Viungo vinavimba pande zote mbili na kukakamaa asubuhi. Hiyo ndiyo baridi yabisi."

Redio alimwona mawazoni mwalimu mkuu akifika nyumbani kwake na nusu kichwa, na mlinzi wa getini akimkatalia kuingia.

"Kwa hiyo baridi haihusiki," akasema taratibu.

"Jina tu, baba. Baridi inaweza kuongeza maumivu, na maji ya uvuguvugu yanaweza kulegeza vidole asubuhi. Lakini baridi haileti ugonjwa."

Redio akataka kujua kama basi akisafishwa fizi vidole vitapona. Daktari hakumdanganya. Alimwambia watafiti wameona kwamba wenye ugonjwa wa fizi hupata baridi yabisi zaidi kuliko wengine, na kwamba kwa baadhi yao, fizi zikitibiwa, viungo navyo hupata nafuu. Lakini bado wanachunguza. Si kila mwenye fizi mbovu atavimba vidole, na si kila mwenye baridi yabisi aliipata kinywani. Wengine wanairithi katika damu ya ukoo. Sigara nayo inaharibu fizi na inachochea viungo, vyote viwili kwa moshi mmoja.

"Mimi natibu fizi," alimaliza. "Vidole vina daktari wake, na vina dawa zake. Nitakuandikia barua leo hii. Viungo vikiachwa vivimbe hivi kwa muda mrefu, vinapinda, na vikishapinda havirudi. Usimwache yule kwa ajili yangu, wala mimi kwa ajili ya yule."

*

Wiki ile Redio alichomwa sindano ya ganzi, na daktari akamkwangua ukoga upande mmoja wa kinywa. Wiki iliyofuata akakwangua upande wa pili. Vipande vilianguka kwenye beseni vikilia kama changarawe. Redio aliviomba akawaonyeshe wateja. Daktari alikataa.

Kisha akafundishwa kupiga mswaki, yeye mwenye miaka arobaini na sita. Mswaki uwe wa nywele laini. Uulaze kidogo ugusane na mpaka wa fizi na jino, uuzungushe taratibu, usisugue kwa nguvu kama unayesafisha sufuria. Dakika mbili, asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi. Kati ya jino na jino apitishe uzi wa meno au kimswaki kidogo mara moja kwa siku. Kwa kuwa vidole vyake havikuweza kushika mpini mwembamba, daktari aliuzungushia kitambaa na kuufunga kwa raba mpaka ukawa mnene kama mpini wa nyundo. Redio akaushika bila maumivu. Daktari alimwonya kwamba damu ingeendelea siku kadhaa, na kwamba akiiona asikimbie.

Kwa barua ile alifika hospitali kubwa, kwa daktari wa viungo. Alipimwa damu na kupigwa picha za mikono. Ilikuwa baridi yabisi kweli, lakini vifundo vilikuwa bado havijaliwa. Daktari huyo alisema kwamba kama Redio angekuja baada ya mwaka mmoja, mazungumzo yangekuwa mengine. Akampa dawa ya kutuliza wale walinzi, ya kumeza mara moja kwa wiki, siku moja tu, na vidonge vingine vidogo vya kuulinda mwili dhidi ya madhara ya dawa hiyo. Akamwambia atapimwa damu mara kwa mara. Akarudia mara tatu kwamba dawa hiyo ikimezwa kila siku inaweza kuua.

Alifanya vizuri kurudia, kwa sababu nyumbani mama mkwe alipoona dawa ni ya mara moja kwa wiki alisema hospitali zina uchoyo. Kama kidonge kimoja kinasaidia, saba vingesaidia mara saba. Mkewe Redio alichukua kalamu nene akaandika JUMATANO TU juu ya boksi, kwa herufi ambazo hata mtu wa ng'ambo ya barabara angezisoma, akaliweka juu ya kabati ambalo mama yake hakulifikia.

Sigara ndiyo iliyomtesa. Siku ya kwanza alikuwa mkali. Siku ya nne aliifokea feni. Wiki ya pili alivuta moja nyuma ya chumba chake cha kazi, akanaswa na mwalimu mkuu aliyekuwa anapita, akaizima kama mwanafunzi. Hapo ndipo alipoomba msaada kliniki, akapewa mtu wa kuongea naye kila wiki na mpango wa kupunguza. Kuongea hakukumshinda. Baada ya miezi miwili hakuvuta tena, ila aliongea mara mbili ya zamani.

Fizi ndizo zilizopona mwanzo. Wiki ya tatu alitema povu jeupe lisilo na damu, akamwita mkewe aje aone. Mkewe alikuja, akaliangalia povu kwa adabu, kisha akamwangalia yeye usoni kwa karibu, akabaki hapo karibu kwa muda. Usiku hakugeukia ukuta.

Vidole vilichukua muda. Mwezi wa kwanza havikubadilika, na Redio alikata tamaa mara kadhaa. Mwezi wa pili viliamka saa tatu badala ya saa nne. Mwezi wa tatu viliamka saa moja. Mwezi wa nne, daktari wa viungo alimwomba akunje ngumi, akaikunja yote, vidole vikagusa kiganja. Redio alimwuliza ni dawa iliyofanya kazi au ni fizi. Daktari alijibu kwamba dawa imefanya sehemu kubwa, na kwamba mwili usio na moto kinywani unamrahisishia kazi. Akamwambia aendelee na vyote, kwa kuwa ugonjwa umetulia lakini haujaondoka.

Redio alimpa mama mkwe habari hiyo kwa heshima zote, akijaribu kutoonekana ameshinda. Mama mkwe alimsikiliza. Akauliza kama daktari wa meno huwa anawaona na wazee, au ni vijana tu. Redio akasema anawaona wote. Mama mkwe akasema meno yake mengine yalianguka bila kuuma, moja moja, fizi zikitoka damu, naye alidhani ni umri. Sauti yake ilikuwa ndogo. Redio hakutoa mzaha. Alisema Alhamisi angefunga kazi nusu siku ampeleke mwenyewe. Alimpeleka, na meno sita yakasafishwa. Daktari alisema yote sita yanaweza kubaki. Mama mkwe aliporudi alifungua madirisha yote ya nyumba, akasema kuna joto mno humu, nani alikuwa anayafunga.

Jumamosi moja ya mwezi wa tano, kocha wa timu ya mpira ya mtaa alifika saa mbili asubuhi na wachezaji kumi na mmoja. Saa tisa walikuwa na fainali, na saa nane wapigwe picha. Alitaka vichwa vyote vinyolewe mtindo mmoja, pande chini, juu kidogo, mstari mmoja ulionyooka upande wa kushoto. Alimwuliza Redio kama anaweza, huku akitazama mikono yake. Alikuwa amesikia habari ya mwalimu mkuu. Kila mtu alikuwa ameisikia.

Redio alisema wakae foleni kwenye benchi.

Alinyoa mlinda mlango, akanyoa mabeki wanne, akapumzisha mikono dakika tano katika beseni la maji ya uvuguvugu, akaendelea. Alitangaza mechi ambayo ilikuwa bado haijachezwa. Aliwainamia mmoja mmoja, na hakuna aliyekunja shingo. Mshambuliaji wa kati alipokiri kwamba fizi zake hutoka damu akipiga mswaki, mashine ilizimwa, na timu nzima ikapewa somo la milimita kwa robo saa mpaka kocha akapiga filimbi. Saa saba na nusu mchezaji wa mwisho alishuka kitini. Vidole vilikuwa vimechoka, lakini vilikuwa vimeshika mpaka mwisho.

Timu ilifungwa mabao manne kwa bila. Redio alikuwepo uwanjani na mkewe, akaumia kama wengine. Lakini ile picha ya saa nane alipewa nakala, akaibandika ukutani kazini kwake, na akawaonyesha wateja kwa kidole kilichonyooka. Vichwa kumi na kimoja, mistari kumi na mmoja, na hakuna uliopinda.

Jioni hiyo alifika nyumbani amechoka hoi, akala, akataka kulala moja kwa moja. Mkewe alimpa mswaki wake. Redio akasimama, akapiga mswaki dakika mbili kamili, na kwa dakika hizo mbili nyumba ikatulia.